Swali Ambalo Msuluhishi Hakuulizwa

Alhamisi iliyopita tulimzika Mzee Qwaray huko Mogitu. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali hadi wanaume watatu wakalazimika kushikilia nguzo za turubai mpaka ibada ilipokwisha. Mpwa wa marehemu alisimama na karatasi akasoma wasifu: alizaliwa, alibatizwa, alioa, alijaliwa watoto, alikuwa mzee wa kanisa. Halafu akasoma sentensi hii, nami ninaiandika kama ilivyo kwa sababu baadaye niliiomba ile karatasi nikaisoma kwa macho yangu: "Alikuwa mtunza ghala wa chama cha wakulima hadi alipoamua kupumzika kwa hiari yake." Kwa hiari yake! Mpwa mwenyewe hana kosa, mambo hayo yalitokea kabla hajazaliwa. Lakini kuna mtu mzima aliyemwambia aandike hivyo, na kuna watu wazima wengine, kwenye viti vya mbele, walioitikia kwa vichwa kama vile wamesikia neno la kweli. Mimi nimevuka miaka hamsini, nina presha, na daktari ameniambia nijiepushe na hasira. Sikujiepusha. Nilirudi nyumbani kwangu Katesh, chakula kikanishinda, nikafungua daftari nikaanza kuandika habari za mwaka ule ambao watu wa kwetu hadi leo wanauita mwaka wa kontena tatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Habari za wazazi wangu na ndugu zangu nitaziacha, hazihusiki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimekosa chuo, nimerudi Mogitu, na chama cha wakulima wa mbaazi kikanichagua kuwa katibu kwa sababu moja tu: nilijua Kiingereza cha kutosha kusoma barua za wanunuzi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja kilichoungana na ghala. Kulikuwa na meza yenye mguu mmoja mfupi, muhuri wa chama ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kalenda ya duka la pembejeo ambayo hakuna aliyekumbuka kuigeuza. Kupitia ukuta ule nilisikia kila kitu cha ghalani: magunia yakiburutwa, wanawake wakitaniana kwa Kiiraqw, na sauti ya Mzee Qwaray, isiyopanda wala kushuka, ikisema neno lile lile kila siku: "Bado mbichi. Rudi ukaanike."

Hilo ndilo neno lililomjengea maadui. Chama kilikuwa na kipima unyevu, kidude cha betri alichokificha kwenye soksi ya sufu kisipate vumbi, lakini kabla ya kukitumia alichukua mbaazi tatu kutoka katikati ya gunia akaziuma kwa jino la pembeni. Zikipasuka kwa mlio, alipima. Zikikubali jino, hakupima hata kidogo. Nilimwona akimrudisha Mama Neema, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mara tatu kwa gunia lile lile, na mara ya tatu Mama Neema akamwaga mbaazi zote chini kwa hasira, na mzee akachuchumaa akamsaidia kuzizoa, halafu akamwambia tena kwa upole: "Bado mbichi, mama." Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu alilolivaa mvua na jua. Saa saba mchana alikula ugali na maziwa mgando akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni, na ukipita bila kumwamkia alikuita urudi. "Binti, umenipita kama jiwe." Nilikuwa narudi nasema shikamoo, anasema marahaba, anaendelea kula.

Mwaka ule tuliamua kuachana na madalali. Tulipata mnunuzi wetu ng'ambo, tukajaza mbaazi kwenye kontena tatu, zikapelekwa bandarini na kupakiwa kwenye meli ya kampuni ambayo sitaitaja. Meli ilitakiwa kuzishusha kwenye bandari moja ya njiani, zikae siku chache, zichukuliwe na meli nyingine. Zilikaa pale wiki baada ya wiki, zimefungwa, kwenye jua. Zilipofunguliwa mwisho wa safari, moja ilikuwa na tundu kwenye paa na maji ya bahari yalikuwa yameingia. Mbili hazikuwa na tundu lolote, lakini ndani mbaazi zilikuwa zimeota ukungu wa kijani na kunuka. Mnunuzi akazikataa zote tatu. Mkataba wetu na kampuni ya meli ulisema mgogoro wowote kuhusu safari ya mzigo hautapelekwa mahakamani, utaamuliwa na msuluhishi mmoja atakayekubaliwa na pande zote mbili. Ndivyo sheria inavyomwita, msuluhishi, ingawa hakuja kumpatanisha mtu yeyote. Alikuja kuamua. Na uamuzi wake unaitwa tuzo, kama vile kuna mtu ameshinda mbio.

Kikao cha kwanza kilifanyika Arusha, kwenye ofisi ya ghorofani yenye zulia na kiyoyozi, na mimi niliyetoka kwenye baridi ya Hanang nilishangaa kuona watu wanalipia umeme ili wapate baridi. Upande wetu tulikuwa watatu: mimi, Mwenyekiti Gwandu, na Wakili Zuhura, mwanamke mwembamba kutoka Tanga aliyehamia Arusha na aliyekubali kesi yetu wakati wenzake waliikataa. Upande wa meli walikuwa na mawakili wawili na mabegi ya ngozi. Msuluhishi alikaa katikati. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya taratibu, na biskuti zilipoletwa alinisogezea sahani yeye mwenyewe. Nampa haki yake hapo. Siku hiyo kazi ilikuwa kuandika karatasi ya maswali atakayoamua, wenyewe wanaiita hadidu za rejea. Wakili Zuhura alitueleza kwenye korido kwa maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Paskalina, sikiliza vizuri. Huyu bwana si jaji. Jaji mamlaka yake yanatoka serikalini. Huyu mamlaka yake yanatoka kwenye hii karatasi. Kilichoandikwa humu anaweza kukiamua. Kisichoandikwa hana ruhusa hata ya kukigusa."

Kwa hiyo kila mstari ulikuwa vita. Wakili Zuhura alitaka maswali mawili: je, mzigo uliharibika ukiwa mikononi mwa meli, kuanzia geti la bandari hadi kushushwa? Na je, kuchelewa kwenye bandari ya njiani kulichangia? Mawakili wa meli walilikubali la kwanza, la pili wakalikataa katakata. Walisema litaleta mashahidi wa mbali, litachukua mwaka. Wakili Zuhura alikuwa bado anabishana nao, Mwenyekiti Gwandu aliponiinamia akasema kwa Kiiraqw kwamba amechoka, nyumba ya wageni tunayolala ina kunguni, na swali moja linatosha. Nilimwambia ni muhimu. Akaniambia mimi ni mkalimani, si mwenyekiti. Akaweka sahihi. Swali la kuchelewa likatoka nje ya karatasi, hivyo hivyo, kwa sababu ya kunguni na uvivu wa mzee mmoja aliyetaka kuwahi basi.

Miezi miwili baadaye msuluhishi alikuja Mogitu kuona ghala. Hakuna aliyejua kwa nini, maana swali lilianzia geti la bandari na ghala letu liko umbali wa safari ya siku nzima kutoka baharini. Wakili Zuhura alipinga kwa barua, akajibiwa kwamba ni ziara ya kupata picha tu, haina uzito. Tulichinja kuku wawili. Mzee Qwaray alivaa koti lake, akafagia ghala mara mbili, akampa msuluhishi mkono na kusimama pembeni akingoja kuulizwa. Alikuwa ametoa kipima unyevu kwenye soksi na kukiweka juu ya gunia, pamoja na daftari lake la kupokelea mbaazi, limefunguliwa. Msuluhishi alipita. Alitazama paa, alitazama sakafu, alisimama kidogo mbele ya pipa la maji lililokuwa mlangoni kwa ndani, kisha akatoka. Lile pipa lilikuwa la kuzimia moto! Bwana Ushirika wa wilaya ndiye aliyeagiza kila ghala liwe na pipa la maji na ndoo mbili za mchanga, na ndoo za mchanga zilikuwa pale pale, kushoto kwake. Angeuliza tu. Neno moja, hili la nini, na maisha ya mtu yangekwenda njia nyingine.

Chakula tulikiweka ofisini kwangu. Mimi ndiye niliyewanawisha mikono, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, na nadhani mtu akishika birika wageni humwona kama sehemu ya birika. Msuluhishi alikuwa akizungumza kwa Kiingereza na mmoja wa mawakili wa meli. Wakili huyo alisema kwamba wakulima wa bara wamezoea kuongeza uzito wa mazao. Msuluhishi akasema, akitikisa vidole vyake juu ya beseni, "Niliona pipa." Yule mwingine akacheka kidogo. Nilielewa kila neno. Nilimwaga maji mengine kwenye mikono ya mtu aliyefuata, nikasema karibuni chakula. Mpaka leo sijui kwa nini sikuweka birika chini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na wao walikuwa wageni, na kwetu mgeni hakatizwi akinawa. Hayo ni maelezo, najua. Hayanisaidii.

Tuzo ilikuja kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki, kurasa nyingi kwa Kiingereza. Niliisoma peke yangu ofisini, mlango nimeufunga. Kuhusu kontena yenye tundu, tulishinda. Kuhusu zile mbili, msuluhishi aliandika kwamba mkaguzi wa mizigo amemweleza jinsi kontena iliyofungwa juani muda mrefu inavyotoa jasho kwa ndani, jasho likadondokea mzigo, lakini jambo la kuchelewa "halimo katika maswali niliyopewa, na sina mamlaka nalo." Nikasema haya, ni uchungu lakini ni haki, karatasi ni karatasi. Kisha nikafika aya ya arobaini na moja. Hapo, mtu yule yule aliyekuwa hana mamlaka ukurasa mmoja nyuma, aliandika kwamba kwa maoni yake mbaazi za kontena zile mbili ziliongezwa maji kabla ya kuondoka Mogitu, kwamba kwenye ziara yake aliona pipa la maji ndani ya ghala, kwamba mtunza ghala, na hapo akamtaja kwa majina yake yote, ndiye mwenye kuwajibika, na kwamba anaelekeza chama kimwondoe kazini na katika uanachama. Kampuni ya meli yenyewe haikuwahi kumtuhumu! Hata siku moja, hata kwa barua. Mzee Qwaray hakuwa upande wowote wa kesi. Hakuitwa, hakuulizwa, hakujua kwamba anahukumiwa.

Nimefanya kazi za ofisi miaka thelathini tangu hapo na nimekutana na wezi, wavivu na waongo. Hakuna anayenikasirisha kama mtu anayeheshimu mipaka ya mamlaka yake inapomlinda mkubwa, na kuisahau inapomgusa mdogo. Kuchelewa kwa meli kuliandikwa hadi kwenye vitabu vya bandari, hakukugusa. Pipa la maji halikuandikwa popote, akalifanya hukumu. Sikatai kwamba alikuwa mtu mwenye elimu. Ndiyo sababu sitamsamehe. Alijua.

Mkutano mkuu uliitishwa kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti Gwandu alinitaka nisome tuzo yote kwa Kiswahili. Nilimwomba pembeni turuke ile aya mpaka tumwone wakili. Akasema, "Wewe soma kilichoandikwa." Na nikasoma. Nilisoma vizuri, kwa sauti, kama msomi niliyejiona. Kiingereza kilisema maji yaliongezwa. Mimi nikasema "alimwagia maji", maana ndivyo ulimi ulivyonijia, na nilipolisikia neno likitoka nilijua nimelifanya baya zaidi ya lilivyokuwa. Mama Neema akasimama akiwa amenyoosha kidole. "Mimi alinirudisha mara tatu! Mara tatu! Kumbe yeye mwenyewe?" Basi ikawa kelele. Kila aliyewahi kuambiwa mbichi alipata siku yake. Nilimtazama Mwenyekiti Gwandu, na usoni kwake niliona kitu ambacho sikukielewa mara moja. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Kwa muda wa miezi watu walikuwa wakimuuliza nani alisaini ile karatasi ya maswali. Sasa hakuna aliyeuliza tena.

Mzee Qwaray alisimama kutoka dawati la nyuma, akavua kofia. "Huyo bwana nilimpa mkono alipokuja," alisema. "Hakuniuliza kitu." Alingoja. Akatembea hadi mezani kwangu, akatoa funguo mfukoni na kuziweka moja baada ya nyingine. "Katibu, niandikie kwamba nimekabidhi funguo tano, kipima unyevu kimoja, na pipa moja la maji." Niliandika. Alisoma, akatia sahihi, akavaa kofia, akatoka. Wiki ile ile alihamia Nambis, kwa dada yake mjane, upande wa Mbulu. Mke wake alimfuata baada ya mwezi, kwa sababu kisimani wanawake walikuwa wanamwuliza kama ndoo yake ni ya nyumbani au ya ghalani.

Nilipanda basi kwenda Arusha bila kumuaga mtu. Wakili Zuhura alisoma aya ya arobaini na moja akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. "Hii ameitoa wapi?" Alisema Mahakama Kuu inaweza kuikata aya ile na kuiacha tuzo nyingine kama ilivyo, kwa sababu msuluhishi ameamua jambo asilopewa, dhidi ya mtu asiye na kesi mbele yake. "Basi Mzee Qwaray aje afungue shauri," nikasema. Akatikisa kichwa. "Mzee si sehemu ya tuzo. Mlango huu ni wa chama na kampuni ya meli tu. Mwenyekiti wako ndiye wa kusaini. Na siku zinahesabika, zikipita hakuna jaji atakayekusikiliza." Kwa hiyo mtu aliyechafuliwa hakuwa na njia ya kulalamika, na mwenye njia alikuwa ndiye aliyefurahia. Nilicheka pale ofisini kwake, kicheko kibaya, mpaka akaniletea chai.

Mwenyekiti Gwandu nilimkuta kwake anakula viazi na familia yake. Nilimwamkia, nikakaribishwa, nikaketi, nikala viazi viwili kwa heshima ya mama mwenye nyumba. Kisha nikatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kupokea tuzo ili tulipwe fedha za ile kontena yenye tundu, nayo kwa katiba ya chama ilihitaji sahihi ya mwenyekiti na ya katibu. Nyingine ilikuwa maombi ya kwenda Mahakama Kuu.

"Hii ya pili ni ya nini?" akauliza.

"Ya kuondoa aya ya Mzee Qwaray."

"Mambo yamekwisha, binti. Usiwachokoe watu."

"Basi na mimi nimekwisha. Hiyo ya kwanza sisaini."

Aliweka kiazi chini. "Unajua wanachama watakufanya nini wakisikia katibu ndiye anazuia haki yao?"

"Watanifanya watakavyo. Nitawaeleza pia nani alitoa swali la kuchelewa kwenye karatasi, na kwa nini. Nitawaeleza habari za kunguni, baba."

Nilimwita baba, kama nilivyopaswa. Mke wake alisimama akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula. Mwenyekiti Gwandu alisaini zote mbili, kwa kalamu yangu, bila kunitazama.

Jaji alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa na alizungumza kwa muda mfupi. Alisema mamlaka ya msuluhishi yanatoka mikononi mwa waliomteua na yanaishia pale walipoandika. Alisema msuluhishi aliulizwa kuhusu bahari akajibu kuhusu ghala, na kwamba hata angekuwa na ushahidi wote duniani, hakuwa na ruhusa ya kumhukumu mtu asiyekuwepo mbele yake. Aya ya arobaini na moja ikafutwa yote. Nilimkumbatia Wakili Zuhura kwenye ngazi za mahakama nikalia kama mtoto, nikidhani tumeshinda.

Nilikwenda Nambis kesho yake na nakala ya uamuzi ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu ya mvua. Nyumba ya dada yake ilikuwa na chumba kimoja cha mbele, vitunguu saumu vimetandazwa sakafuni hadi chini ya viti, na harufu yake ilikuwa kali hadi macho yakaniwasha. Dada alinipa maziwa ya moto. Mzee Qwaray alikuwa amepungua. Koti lile lile lilimpwaya mabegani. Nilimwamkia, akaniitikia, akasema, "Soma." Nilisoma taratibu, safari hii nikipima kila neno kabla halijatoka. Nilipomaliza aliweka mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo wamesema mimi sikumwagia maji."

Niliitazama ile karatasi kama vile ingeweza kuwa imeongezeka sentensi. "Hapana, mzee. Wamesema yule bwana hakuwa na mamlaka ya kusema."

"Hayo nimeyasikia. Nauliza kama nilimwagia au sikumwagia."

"Jaji naye hawezi kusema hilo. Hakuulizwa."

"Basi nani anaweza?"

Dada yake, aliyekuwa akimenya saumu karibu na mlango, alitukana kwa Kiiraqw, tusi ambalo sitaliandika, akaomba radhi kwa Mungu, akaendelea kumenya. Mzee alinisindikiza hadi barabarani kwenye matope. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Hakurudi kamwe kwenye ghala lile. Alilima saumu Nambis miaka yake yote iliyobaki, Mogitu akarudishwa kuzikwa tu.

Kwenye basi la kurudi nilikuwa na hasira ya aina mpya, hasira isiyo na kelele. Msuluhishi alisema asichoruhusiwa. Jaji hakuruhusiwa kusema kilichohitajika. Waliobaki ni wale waliomfahamu, waliomwona akiuma mbaazi kwa jino kila siku ya Mungu. Chama. Sisi.

Mkutano uliofuata ulikuwa darasa lile lile. Nilisoma uamuzi wa Mahakama Kuu. Watu walisikiliza kwa adabu. Mwenyekiti Gwandu akasema, "Taarifa ya katibu imepokelewa. Tuendelee na mbegu."

"Haijapokelewa," nikasema. Nilikuwa bado nimesimama. "Mzee Qwaray yuko Nambis. Anauliza kama alimwagia maji mbaazi. Kikao kimjibu."

"Kikao hakina mamlaka hayo, binti. Mahakama imeshamaliza."

"Mahakama haikuulizwa hilo. Ninyi nawauliza. Nani alimwona?" Nilitazama dawati kwa dawati. "Mama Neema, ulimwona?"

Mama Neema alikuwa na kanga kichwani, akaivuta mbele. "Mimi sikuona kitu," alisema, kwa sauti ndogo. "Nilisikia tu ulivyosoma."

Neno hilo lilinipata nilipostahili kupatwa. Niliketi, nikafungua daftari la mihtasari, nikaandika huku nikisoma kwa sauti, neno kwa neno: katibu amesema kwamba Mzee Qwaray hakumwagia mbaazi maji, na kwamba yeye katibu alikosea kusoma kwa namna aliyosoma. "Mjumbe anayepinga asimame," nikasema, "niandike jina lake."

"Katibu, hicho ulichoandika kikao hakijakisema," alisema Mwenyekiti Gwandu. "Huna mamlaka. Kifute."

"Najua kwamba sina. Anayepinga asimame."

Nilingoja kwa makusudi. Nje kulikuwa na ng'ombe wanapita, na tukawasikia wote mpaka wa mwisho. Madawati yalilia chini ya watu wanaobadilisha mkao. Hakuna aliyesimama kupinga, na hakuna aliyesimama kuunga mkono, watu wazima karibu mia moja wakitazama magoti yao. Nikaandika: hakuna aliyepinga. Nilijua wataniondoa, na kwenye uchaguzi uliofuata waliniondoa kweli, kura zote kasoro ya kwangu. Mwenyekiti Gwandu alisukuma daftari kando bila kulisaini. Nilitia sahihi yangu peke yake, nikatoa muhuri kwenye kopo, nikaugonga juu ya jina la Mzee Qwaray kwa nguvu zangu zote.